Dogo wa Kansay Hakuua Samaki, Muulizeni Aliyeshika Mkasi!

Wadau, ile video mmeiona wote. Sekunde 40 tu. Staa wetu wa Bongo Fleva (jina kapuni, ila mnamjua) kasimama sebuleni kwenye mjengo wake mpya wa mapumziko kule Kansay, Karatu. Nyuma yake kuna tangi la kioo la lita 600, taa za bluu zinawaka kama klabu, ngoma yake mpya inapiga. Mkono mmoja mfuko wa nailoni wenye samaki, mkono mwingine mkasi. Anakata, anamimina. Maji ya mfuko, samaki, uchafu wao, vyote ndani kwa mpigo. Mfuko wa pili, wa tatu, mpaka vimeisha. Washkaji wanapiga makofi. "Bahari imehamia Karatu!" Laiki kibao.

Samaki walikuwa tisa. Wanne wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao kila mtu anawaita Nemo tangu ile katuni ya 2003, vitatange watatu, na kangaja wawili wa bluu, wale wazuri mpaka unahisi wamepakwa rangi kwa brashi. Jumapili asubuhi wawili walikuwa wanaelea. Jumatano wamekufa saba. Jumamosi iliyofuata tangi lilikuwa tupu, taa za bluu zinamulika mawe.

Jumapili staa akaingia laivu. Hakusema "nimekosea". Alisema dogo wa nyumbani, kijana wa palepale Kansay aliyeachiwa kazi ya kuangalia nyumba, ndiye kawaua. Eti kawalisha makombo ya ugali. Eti mshamba, hajui samaki wa baharini. Dogo kafukuzwa, na mshahara wa mwezi wa 7 haukulipwa kwa sababu "samaki ni hela ndefu". Chawa wakadaka hapohapo. Kuna waliomwita mchawi. Kuna aliyeandika kabila lake na tusi juu yake. Kijana mwenyewe hana hata bando la kujibu.

Sasa twende taratibu, maana ushahidi wa nani kaua samaki hauko kwa dogo. Uko kwenye ukurasa wa staa mwenyewe, kwa posti zake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alijirekodi Dar akipakia boksi la samaki nyuma ya gari. Ijumaa usiku yuko Arusha, anakula bata, meza imejaa, na boksi halionekani popote, maana yake liko kwenye gari. Ilikuwa mwezi wa 7. Baridi ya Arusha ya mwezi wa 7 haihitaji kuelezewa. Jumamosi alasiri ndiyo anafika Kansay. Hesabu mwenyewe: zaidi ya saa 30 ndani ya mfuko. Wasafirishaji wanaojua kazi huwafikisha samaki mbali kuliko hapo kwa muda kama huo, na wanafika wazima, lakini wana maboksi yanayotunza joto, oksijeni ya kutosha kwenye mfuko, na samaki anayefungwa huku tumbo halina chakula ili asichafue maji njiani. Boksi la staa lilikuwa lile la soda.

Mnajua kinachotokea ndani ya mfuko uliofungwa? Samaki anapumua, anatoa hewa ya kabonidayoksaidi, na hewa hiyo ikijaa kwenye maji inayafanya yawe na asidi kidogo. Wakati huohuo anatoa amonia, ile inayochoma pua ukiingia banda la kuku lisilofagiliwa. Amonia ni sumu kali kwa samaki. Ila kuna kitu kimoja kinamlinda: kwenye maji yenye asidi, sehemu kubwa ya amonia inageuka kuwa hali nyingine isiyo na makali sana. Kwa hiyo samaki anasafiri na sumu yake, lakini sumu imelala.

Ukifungua mfuko, kabonidayoksaidi inatoka, asidi inapungua, amonia inaamka. Ndiyo maana mtu anayejua hafungui mfuko halafu akaenda kutafuta angle ya kamera. Mifuko ya staa ilikatwa mmojammoja, kati yake kuna kucheza, kuna kupiga picha na washkaji, kuna kurudia kipande ambacho hakikutoka vizuri. Posti za wageni wake zinaonyesha mfuko wa kangaja umefunguliwa tayari, uko juu ya meza, pembeni ya chupa na sahani ya nyama choma. Kangaja yule hakumiminwa mpaka kiza kilipoingia.

Halafu joto. Tangi la samaki wa matumbawe hukaa nyuzi 25 mpaka 27 hivi. Mifuko ilikuwa imelala kwenye gari usiku wa baridi, ikasafiri tena, ikafika. Cha kwanza kinachofanywa popote duniani ni kuuelea mfuko juu ya tangi, umefungwa hivyohivyo, taa zimezimwa, dakika 15 mpaka 20, ili joto la ndani lifanane na la nje. Dakika 15! Wimbo wake mmoja ukirudiwa mara tano. Hakuweza kusubiri.

Chumvi ndiyo kisa chenyewe. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Mwili wa samaki wa baharini una chumvi kidogo zaidi, kama theluthi ya hiyo. Maana yake maji yanamtoka samaki kila dakika, bahari inamkausha huku kazungukwa na maji. Anajiokoa kwa kunywa maji ya bahari mfululizo na kuitoa chumvi iliyozidi kupitia mashavu. Mwili unapangwa kufanya kazi hiyo kwa kiwango fulani. Ukimtoa kwenye chumvi ndogo ukamtupa kwenye chumvi kubwa ghafla, anakauka kabla mwili haujajipanga. Nje haonekani na jeraha lolote. Anaweza kuogelea vizuri jioni, ukampiga na video, asubuhi akawa anaelea.

Kwa hiyo watu wanapima. Kuna kifaa kidogo, rifraktomita, unaweka tone la maji unachungulia kwenye mwanga unasoma namba. Unapima maji ya mfuko, unapima maji ya tangi, unajua umbali uliopo kati yao. Fundi wa staa alipima vipi? Nendeni kwenye ile posti ya Jumanne, siku tangi linajazwa. Fundi aliyeletwa kutoka Dar anamwaga ile chumvi ya dukani ya kutengenezea maji ya bahari ndani ya maji ya kisima, anakoroga na mpini wa fagio, anachovya kidole, anaonja. "Imekaa poa bosi." Wanacheka. Hiyo ndiyo maabara iliyowapokea kangaja wa bluu.

Umbali wa chumvi ukiwepo, dawa yake ni matone. Unachukua mpira mwembamba, ule wa pampu ya hewa, unavuta maji kutoka kwenye tangi yashuke kwenye ndoo walimo samaki, unaufunga fundo ili yadondoke matone mawili mpaka manne kwa sekunde. Maji kwenye ndoo yakiongezeka mara mbili, unamwaga nusu, unaendelea. Saa nzima au pungufu kidogo. Kisha samaki anahamishwa kwa chombo au wavu laini, na yale maji ya safari yanamwagwa nje, hayaingii tangini hata kikombe.

Ila na hapa pasemwe ukweli, kwa sababu wajuaji wameshaanza kuwaambia watu "weka matone saa tatu, nne, utakuwa salama". Siyo hivyo. Samaki aliyekaa kwenye mfuko zaidi ya siku nzima ana amonia nyingi ndani ya yale maji, na ukishafungua mfuko kila dakika ya matone ni dakika ya kuogelea kwenye sumu iliyoamka. Kwa samaki wa safari ndefu wanaojua hufanya kinyume: wanamuuliza muuzaji chumvi ya maji yake ni kiasi gani, wanaandaa tangi dogo la kupokelea lenye chumvi ileile kabla samaki hajafika, wanaelea mfuko kwa ajili ya joto, wanafungua, wanamhamisha mara moja. Chumvi inapandishwa baadaye, kidogokidogo, kwa siku kadhaa. Yaani kazi kubwa inafanyika kabla samaki hajafika. Simu moja kwa muuzaji. Mtu mwenye simu tatu hakupiga hata moja.

Lile tangi dogo lina kazi nyingine pia. Samaki mgeni anakaa humo peke yake kama wiki nne, anaangaliwa, kwa sababu kuna ugonjwa wa madoa meupe kama punje za chumvi ngozini, unaosababishwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, na kangaja wa bluu ndiye anayejulikana kwa kuupata haraka kuliko wengi. Tazameni picha ya mwisho ya kangaja aliyebaki. Yale siyo mapovu.

Na tangi lenyewe? Limejazwa Jumanne, samaki wameingia Jumamosi. Siku nne. Tangi jipya ni kama nyumba isiyo na choo. Linahitaji bakteria wanaokula amonia na kuigeuza kuwa naitraiti, kisha wengine waigeuze kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hawanunuliwi na kumwagwa wakaanza kazi siku hiyohiyo, kwa kawaida wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa kwenye mawe na mchanga. Siku ya nne hawapo wa kutosha. Kwa hiyo hata kama samaki wote tisa wangeingizwa na malaika kwa mikono laini, mkojo wao wenyewe ungewafuata.

Hapo ndipo chawa walipotoa ile hoja iliyosambaa: "Mbona Ziwa Eyasi liko hukohuko Karatu, lina chumvi na lina samaki? Maji ya chumvi ni maji ya chumvi. Tatizo ni dogo."

Jamani. Eyasi ni ziwa la magadi. Chumvi zake siyo mchanganyiko wa baharini, na ukali wake wa alikali uko juu kuliko bahari. Perege wa Eyasi ni aina yake mwenyewe, Oreochromis amphimelas, anayepatikana kwenye maziwa machache ya magadi ya ukanda huu kama Manyara na Kitangiri. Mababu zake wamezoea hayo maji kizazi kwa kizazi, ziwa likijaa wakati wa mvua kubwa na likinywea kiangazi mpaka unaona uwanja mweupe. Hata huyo mwenyewe ukimtoa Eyasi ghafla ukamtumbukiza kwenye maji ya bahari ya Msasani, utamtesa. Kama Eyasi inathibitisha chochote ni kwamba samaki anazoea maji yake, na mazoea yanataka muda.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa Dar hawalifikirii. Karatu iko juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanashika oksijeni pungufu kama asilimia 15 kuliko yangekuwa Dar kwenye joto lilelile. Samaki aliyezaliwa kwenye mwamba wa matumbawe, mawimbi yanampiga na hewa tele, anaamka Kansay kwenye maji yasiyo na pumzi ya kutosha. Hilo linatatulika, unaweka pampu zinazosukuma uso wa maji kwa nguvu. Kwenye video pampu imezimwa. Kelele zake zilikuwa zinaharibu sauti ya wimbo.

Na huyu ndiye staa yuleyule aliyepanda Kilimanjaro kwa siku saba, kila siku anaposti. Mnakumbuka? Siku ya tatu alikuwa analala kwenye hema anasema kichwa kinamuuma, waongozaji wanamwambia pole pole kaka, mwili uzoee kwanza. Alizungukwa na wapagazi, wapishi, na mtu wa kumpima oksijeni kwenye kidole. Alivyoshuka akaandika aya ndefu kuhusu subira. Mtu mzima mwenye mapafu mawili alipewa siku saba azoee. Kangaja akapewa mkasi.

Kingine hawa samaki hawatoki kiwandani. Nemo wanazalishwa kwenye matangi siku hizi, sawa, lakini sehemu kubwa ya samaki wa mapambo wa baharini duniani bado wanakamatwa kwenye miamba. Pwani ya Kenya, kuanzia Kilifi mpaka kule Shimoni, kuna wazamiaji wanaoishi kwa kazi hiyo, wanazama na nyavu ndogo za mkono, wanamfukuzia samaki mmoja mmoja asiumie, maana akiumia hauziki. Mzamiaji ndiye anayepata kidogo kuliko wote kwenye mnyororo ule na ndiye anayemshika samaki kwa uangalifu kuliko wote. Kazi yake yote ikaishia kwenye ndoo ya taka Kansay. Vitatange ndiyo usiseme, wengine chakula chao ni vinyama vya matumbawe hai tu, wakiwa tangini hawagusi kingine chochote. Aliyemuuzia staa vitatange watatu kwa tangi la mawe makavu naye ana maswali ya kujibu. Na aliyemuuzia kangaja wawili kwa lita 600, samaki wanaogombana mpaka wachanane, ana maswali mawili.

Sasa turudi kwa dogo.

Dogo hakununua samaki. Hakuchagua siku. Hakuendesha gari, hakulala Arusha, hakukoroga chumvi kwa mpini wa fagio. Hakushika mkasi. Alipoachiwa nyumba Jumapili mchana, wawili walishakufa, na maelekezo aliyoachiwa, kwa maneno ya staa mwenyewe kwenye laivu, yalikuwa "awape chakula mara mbili". Chakula gani, kiasi gani, hakuna aliyemwambia. Umeme ukikatika afanye nini, hakuna. Namba ya fundi, hakuna. Tuseme hata kweli aliwapa ugali. Ugali unachafua maji, hilo halibishiwi. Lakini samaki wa matumbawe hafi kwa ugali usiku wa kwanza, na usiku huo dogo hakuwa ameachiwa chochote, alikuwa jikoni anaosha vyombo vya wageni.

Tena dogo huyohuyo katoka familia ya wafugaji. Mfugaji wa Karatu akinunua ng'ombe mnadani hamwingizi zizini usiku huohuo akalala na wengine. Anafungwa pembeni, anaangaliwa kama anakohoa, kama anakula, anapewa maji taratibu. Hilo jambo kule halihitaji cheti. Na ndiyo maana kwenye ile video ya sekunde 40, video ambayo watu wengi wameitazama bila sauti, kuna kitu.

Sekunde ya 19. Mkasi uko juu ya mfuko wa pili. Nyuma ya muziki kuna sauti ya kijana, ya upole, inasema: "Bosi, hawa si wangesubiri kwanza wazoee?"

Na staa anacheka, anageukia kamera: "Dogo, samaki ni samaki bwana."

Anakata.

Wiki hii kaposti tena. Tangi limesafishwa, fundi yuleyule karudi, na eti mzigo mpya wa samaki kumi na mbili unakuja mwisho wa mwezi. Kijana mwingine kaajiriwa kuwaangalia. Yule wa kwanza yuko kwao, palepale Kansay, mwendo wa miguu kutoka kwenye huo mjengo, na mshahara wake wa mwezi wa 7 bado haujalipwa. Video haijafutwa. Sekunde ya 19, ongezeni sauti, halafu mje kwenye komenti mtwambie nani alikuwa mshamba.